Uwanja Usiohitaji Matunzo

Mhandisi alisimama langoni, viatu mkononi. Uwanja wa nyumba za kupangisha ulikuwa umegeuka dimbwi. Maji yalikuwa yameingia vyumba vya chini, na wapangaji walikuwa wakining'iniza magodoro madirishani.

Uwanja ule aliuchora yeye. Mwenye majengo alitaka zege na mtaro mpana wa kuyatimua maji upesi. Mhandisi hakutaka kuwamwagia mafuriko majirani wa bondeni. Akachagua vitofali vilivyoachiana nafasi, chini yake kokoto, na pembeni kibonde cha nyasi, ili mvua izame palepale iliponyesha.

"Na matunzo yake?" mwenye majengo alikuwa ameuliza, akisitasita.

Kwa kuogopa mchoro wake usije ukatupwa, akajibu haraka, "Hauhitaji matunzo."

Alijua fika kwamba unahitaji.

Sasa mtunza uwanja alikuwa amesimamishwa mbele ya watu. Jina lake walishalisahau, walimwita Fagio.

"Kazi yako ni uwanja, nawe umeniletea ziwa!" mwenye majengo alifoka. "Leo hii funga virago."

"Bosi, mimi na mvua tuna urafiki gani hata nimwalike?"

Mpangaji mmoja akacheka. Mwenye majengo hakucheka.

Mhandisi akainama, akapapasa chini ya maji. Kila nafasi kati ya vitofali ilikuwa imejazwa saruji, laini, imenyooka kama mshono wa fundi hodari.

"Ni wewe uliyeziba, mzee?"

"Ni mimi, mwanangu." Uso wa Fagio ukachangamka. "Majani yalikuwa yanachomoza, visigino vya akina mama vinanasa. Nikaona mafundi wako wamesahau kumalizia. Nikasema, ngoja nimsitiri binti wa watu."

Nimsitiri. Angenyamaza tu, mambo yangeisha: mkosaji alikwisha kupatikana, na saruji ilikuwa pale, shahidi.

"Kosa ni langu," alimwambia mwenye majengo. "Maji yalikuwa yapite humo. Nafasi hizi zilitakiwa kufagiliwa mchanga na kung'olewa majani, siku zote. Nilikudanganya ili ukubali. Na huyu mzee sikumwambia lolote."

Mwenye majengo alimgeukia. "Fagio atabaki. Wewe zibua ulichoziba kwa mdomo wako, kisha nisikuone tena hapa."

Mhandisi akaazima nyundo na patasi, akapiga magoti majini. Muda si muda Fagio akapiga magoti kando yake na patasi yake mwenyewe, akaanza kuubomoa mshono wake, taratibu, kana kwamba unaweza kuumia.

"Unisamehe, mwanangu. Nimekuharibia kazi."

"Usiseme hivyo, baba. Tafadhali."

"Kweli lakini. Ningeuliza."

Saruji ikapasuka. Maji yakazunguka kidogo, yakazama yakigugumia.

"Kumbe yanashuka!" Fagio alicheka kama mtoto, akamgusa bega. "Tazama, mwanangu, kazi yako!"

Mhandisi hakuweza kuinua uso.