Jibu Langu kwa Askari

Nikisikia harufu ya pasi ya mkaa, namwona mama akinyoosha sare yangu ya shule nyumbani kwetu mtaa wa Namuwongo. Kanisa letu lilikuwa limepigwa marufuku na serikali, hivyo waumini walikuja kusali kwetu.

Mchana mmoja, mama akipiga pasi, askari alisimama mlangoni, akaniuliza, "Weye mtoto, hapa watu nasali?"

"Hapana, afande. Sisi hatumjui Yesu."

Alikuwa ameshageuka kuondoka mama aliposema, "Mtoto anaogopa, afande. Tunamjua. Tunasali hapa."

Askari na wenzake wakamchukua mama. Alirudi baada ya wiki mbili, akichechemea.

Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa alinishika bega mbele ya waumini, akamuuliza mama. "Na huyu je, alisimama na mama yake?"

"Alikuwa hapo hapo mlangoni," mama akajibu.

Wakanipigia makofi, nami nikayapokea.