Baba Mwenye Kofia ya Njano

Kamati ya mashindano ilitangaza rasmi kwamba katika kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia hakuna mshindani aliye peke yake, ndiyo maana kila mmoja angevishwa medali na familia yake. Fundi lifti aliliamini tangazo hilo. Miaka yote alitoka kwenda mazoezini kabla watu wa nyumbani hawajaamka, na mkewe alishazoea kusema, "Mke mwenzangu ni ile baiskeli." Leo angalau wangemwona.

Alipotoka majini aliwakuta mkewe na watoto wao mapacha wamempa mgongo, wanamkimbilia mwanamume mwingine mwenye kofia ya njano na miwani kama yake, na kama ya washindani wote.

"Kaza, Baba Mapacha! Watimulie vumbi!" mkewe alipiga kelele.

Fundi akapita nyuma yao, akachukua baiskeli. Alingoja uchungu uje, haukuja. Miguu iliendelea na kazi yake kama lifti isiyo na mtu ndani.

Mwisho wa mbio, uso ukiwa wazi, walimtambua. Mapacha wakamvisha medali.

"Baba, pale majini ulitupungia mikono yote miwili!" alisema mmoja.

"Enhe," alijibu.

Hakuwa amempungia mtu.