Betri ya Kinyozi wa Nyarubungo

Jumatano, tarehe kumi na tisa Novemba. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa tatu, na wingu likabaki pale pale, halitaki kunyesha wala kuondoka. Siku kama hii simu huwa nyingi kwetu mafundi wa sola. Paneli hazipati jua, taa zinafifia, na kila mtu anadhani ni ya kwake peke yake iliyoharibika.

Nilipanda pikipiki kwenda Nyarubungo, kama nusu saa kutoka kwangu. Mgongo ulikuwa unaniuma tangu Jumatatu. Niliyemwendea ni kinyozi, mzee aliyehamia huku kutoka Shinyanga na ng'ombe zake. Tangu avunjike mguu halimi wala hachungi, ananyoa tu. Betri ikizima, hana kazi nyingine ya kushika. Na ilikuwa imezima.

"Shikamoo mama," nilimwambia mkewe mlangoni.

"Marahaba, fundi. Mgonjwa wako yuko ndani. Hajafa, ila hasemi."

Nikaingia, nikaiinamia betri. Pale waya zinapofungwa kwenye betri palikuwa pamepakwa kitu cha njano. Nilidhani grisi. Nikanusa: samli.

"Mama, hii kapaka nani?"

"Mimi. Si ulikuja mwezi wa nane ukasema tusafishe, tukaze, halafu tupake mafuta mazito, kutu isije? Humu ndani kuna mafuta mazito kuliko samli? Wageni tunawapa kidogo. Betri nimeipa kijiko kizima."

Nilitaka kucheka, sikuweza, kwa sababu ni kweli nilisema hivyo. Kwenye semina yetu ya siku tatu tulifundishwa kusema grisi. Mimi niliona grisi ni neno la mafundi baiskeli, nikasema mafuta mazito ili nieleweke haraka. Siku ile nilikuwa na nyumba nne zinanisubiri. Sikuonyesha kwa mkono, wala sikuuliza wameelewa nini.

Samli iliita panya. Walipoimaliza sehemu kubwa wakahamia kwenye waya unaoshuka kutoka kwenye paneli, wakabakiza nyuzi mbili tatu za shaba. Kwa hiyo betri ilikuwa inafanya kazi bila kula.

Hilo ni kosa langu. Lakini nikiandika niandike yote. Waya za mashine ya kunyolea hazikuwa zimepita kwenye kontrola, kile kisanduku kidogo kinachokata umeme betri ikichoka. Zilikuwa zimefungwa moja kwa moja kwenye betri.

"Na hili je, baba?"

Mzee akatazama mguu wake. Jirani mmoja, aliyekuwa amekalia kiti cha kunyolewa, akadakia.

"Hilo nilaumu mimi," akasema akijishika kichwa. "Wiki mbili zilizopita, Jumamosi jioni, alininyoa upande mmoja, taa nyekundu ikawaka, mashine ikakata. Na kesho yake mimi ndiye msomaji wa somo kanisani!"

"Sasa ningekuacha hivyo?" mzee akasema.

"Ungeniacha. Siku hiyo angalau wangenitazama."

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Mzee hakucheka. Alieleza kwamba baada ya kukimalizia kichwa kile kwa kufunga waya moja kwa moja aliona inawezekana, akaendelea hivyo hivyo wiki mbili, kwa sababu wateja walikuwa wanakuja na yeye hawezi kuwafuata. Kichwa kimoja ningekisamehe. Wiki mbili zilikausha betri kabisa. Niliweka waya mpya, nikasubiri. Jua lilipochungulia mita ikapanda, lakini nikiwasha taa moja tu, inashuka. Haishiki chaji tena.

Ikabaki fomu ya kampuni yetu. Ina miraba mitatu: kasoro ya betri, kosa la fundi, kosa la mteja. Tiki ni moja tu. Likiwa kosa la mteja, kampuni haibadilishi. Likiwa la fundi, inabadilisha, na fundi anaitwa ofisini kujieleza. Mimi nilishaitwa mara moja mwaka jana.

"Andika vyovyote, fundi," mzee akasema. "Ila usiandike kwamba sisi ni wajinga."

Nikashika kalamu. Niliishia kidato cha pili, na mambo ya kugawanya kosa sikufundishwa. Nilifikiri hivi: waya ungekuwa mzima, taa nyekundu isingewaka, na mzee asingefungua kitu. Nikatia tiki kwa fundi. Pembeni nikaandika pia kwamba mteja aliruka kontrola kwa wiki mbili, na mzee nikamsomea, akakubali. Mpaka sasa sina hakika. Labda nilikuwa sahihi, labda napenda tu kuonekana mwema.

Kisha nikampa mama grisi, akapaka mwenyewe kwa kidole chake, nikiangalia. Hilo nilipaswa kulifanya mwezi wa nane.

Nilimpigia msimamizi. Akasema betri italetwa baada ya wiki mbili, na mimi niende ofisini Ijumaa. Mzee alisikia hizo wiki mbili. Akaanza kuzungusha waya wa mashine yake taratibu, kama mtu anayefunga duka.

Nikarudi nyumbani, nikafungua betri yetu, nikaifunga kwenye pikipiki nikaipeleka Nyarubungo. Hakuna aliyeniagiza. Nilipokuwa naifungua, mwenzangu wa nyumbani aliuliza, "Na sisi?" Nikasema ni wiki mbili tu. Akasema, "Wewe una huruma ya kutembeza, ya nyumbani inakuishia." Ana haki.

Niliporudi alikuwa ameshapakua, ili tumalize kabla giza halijaingia. Tulikula ndizi na maharage, na nyanya chungu kidogo. Maharage yalikuwa bado magumu, kuni zililowa.