Hotpoti Kwenye Kabati la Thina

Tulikuwa wanne kwenye stoo ya maigizo ya chuo: Mwalimu Wafula, mjukuu wangu Nafula, mwanafunzi wake, Bwana Mutua mkaguzi wa usalama, na mimi mshonaji wa mavazi. Mkaguzi akiona kosa, stoo ifungwe, na mchezo wa Ijumaa ufe.

Na mimi ndiye hufukuza wanafunzi: "Msile karibu na kemikali, watoto!"

Bwana Mutua akafungua kabati la thina ya kuyeyushia rangi, akakuta hotpoti ya chapati. Niliificha humo asubuhi kwa sababu kabati lina kufuli.

"Ya nani?"

"Wanafunzi hawa!" nikawahi.

"Kukhu, si ni yako?" Nafula akamnong'oneza bibi yake, yaani mimi.

Bwana Mutua akageuza kifuniko. Nilikiandika jina langu kwa rangi ya kucha kisipotee matangani. Akasoma: "Mama Nekesa."

Stoo haikufungwa; nilitolewa mimi, na hotpoti yangu. Nikikosea jina la mtu, nirekebisheni. Langu siwezi kulikosea: lilisomwa kwa sauti.