Mchanga wa Kaa

Shinyanga mjini nilijulikana kwa mambo mawili: ukali wangu darasani na bahari yangu ya sebuleni. Bahari yenyewe ilikuwa birika la saruji lenye kioo cha dirisha upande mmoja. Mume wangu alilijenga ili kunituliza, maana nilikuja bara kutoka pwani kama bibi arusi, nikilalamika kuikosa bahari tangu kituo cha treni. Maji ya chumvi yaliletwa na shemeji yangu aliyefanya kazi reli, dumu moja moja. Ndani niliweka kaa wawili na chaza watatu, wote wa kujifukia mchangani. Mgeni angekodoa macho kiooni nusu saa, kisha aondoke akisema nimemwonyesha mchanga mtupu. Sikujali. Mimi nilijua walipo.

Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya sabini, mchanga ule ukaharibika. Chini uligeuka mweusi, na nilipouchokoa kwa kijiti ukatoa harufu ya yai viza. Weusi ule ni sumu. Ukiuvuruga wanyama wakiwa humo, umewaua. Ubaya ni kwamba shemeji alikuwa amekwisha kustaafu, na hapakuwa na mwingine wa kuniletea maji wala kaa. Hawa wakifa, bahari yangu imekwisha.

Lakini kazi niliijua, wala sikuomba ushauri. Nilimwagiza dereva wa lori magunia mawili ya mchanga laini wa mto, nikauosha uani mara saba mpaka maji yakatoka maangavu, nikauanika. Jumamosi asubuhi nikachota maji ya birika nikayahifadhi kwenye madumu, nikawahamishia wanyama kwenye beseni. Nikaweka kando bakuli moja la mchanga wa juu, uliokuwa bado mzima, uwe mbegu katika ule mpya, kama mtu anavyobakiza mgando wa kugandishia maziwa mengine. Uliobaki nikautupa. Kosa langu lilikuwa moja tu: sokoni niliulizwa mchanga unatoka wapi, nikajibu kwa sauti yangu ya darasani kwamba unatoka Songwa.

Songwa ndiko kwenye almasi. Mwanamke anayeosha mchanga wa Songwa mara saba nyuma ya ukuta wake, nani ataamini anaosha bure?

Kabla sijamimina hata ndoo moja, balozi wetu wa nyumba kumi akabisha hodi. Alikuwa mzee wa Kisukuma, mpole, na nyuma yake walikuja wanaume wawili na chekeche.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Huu mchanga ni wa nini?"

"Wa kaa."

"Wa kukaa nani?"

"Kaa, mzee. Mnyama."

"Mnyama akae wapi?"

Majirani waliokuwa wakichungulia ukutani wakaangua kicheko. Mimi nilitamani kummwagia ndoo kichwani. Nilimweleza habari za bahari na sumu. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, nimeletewa taarifa. Nisipoutazama, kesho watasema tumegawana."

Wakatandika mkeka, wakaanza kuchekecha konzi kwa konzi. Nami nikachuchumaa kivulini kando ya beseni, nimelifunika kwa khanga mbichi, nikisukuma hewa kwa pampu ya baiskeli na kipande cha mpira. Saa sita ikapita. Maji yalizidi kupata joto, na kaa mmoja akalegea miguu. Niliogopa, nasema kweli, na hofu yangu ikatoka kama hasira.

"Mzee, hawa wanakufa! Almasi hakuna!"

Akaja, akainama, akamtazama yule kaa kwa muda. "Pole, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, akarudi mkekani. Safari hii alikunja mikono ya shati akachekecha mwenyewe.

Walipomaliza akaniita nione. Almasi haikuwapo. Palikuwa na fungu dogo la changarawe zenye ncha, na juu yake kipande cha chupa, chembamba kama ukucha. Mara saba nimeosha, na sikukiona. Wanyama wa kujifukia, hata wenye gamba, wana sehemu laini. Wangejichana humo usiku huohuo, nami ningelaumu joto, au maji, au mtu mwingine yeyote. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Wabeja, mzee," nikasema. Lilikuwa neno la shukrani la Kisukuma nililolijua miaka yote bila kumpa mtu.

Tukamimina pamoja, mchanga, kisha mbegu, kisha maji polepole juu ya sahani ili yasivuruge. Tulingoja yatulie, ndipo nikawashusha. Chaza walitoa ulimi wao mweupe wakazama mmoja mmoja. Kaa mzima akapotea mara moja. Yule mlegevu alibaki juu, hasogei. Balozi akavuta kigoda mbele ya kioo akaketi. Wanaume wake walikwisha kwenda zao. Yeye hakuondoka, wala mimi sikumfukuza.

Jua lilikuwa limekwisha kuinama pale mguu mmoja wa kaa uliposogea. Kisha mwingine. Kaa akarudi nyuma taratibu, mchanga ukampanda mgongoni, mwishowe yakabaki macho mawili, nayo yakaingia.

Mzee akapiga goti lake kwa kiganja.

"Kumbe kweli, Mwalimu," akasema. "Ni wa kukaa."