Watoto Waliolala Barazani Kwetu

Sugan Kanwar ni mke wa mwanangu, na tangu aolewe hajawahi kufunua uso mbele ya shemeji yangu Takhat Singh, mdogo wa mume wangu, wala kumsemesha moja kwa moja. Hiyo ndiyo adabu ya mke katika nyumba zetu. Nalitaja hili kwanza kwa sababu wapo watu hapa kijijini Amlikheda waliosema kwamba mkamwana wangu hana haya. Mimi nimeishi naye miaka. Wao hawajala naye hata chapati moja.

Mwanangu yuko Surat, kwenye viwanda vya nguo. Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu mkuu, nami nilisoma chuo mjini Ajmer. Nyumba yetu ni ya mawe, na tangu enzi za baba mkwe watu wakipita mbele yake hushusha sauti.

Siku moja Sugan alirudi kutoka kisimani akiwa amenuna. Alikuwa amepita penye kazi ya barabara, wanawake wa Kibhil, kabila la mafukara, wanakovunja kokoto. Bhera, mtoto wa mmoja wao aitwaye Dhuli, alikuwa amelazwa chini ya mti wa miiba, pindo la nguo yake limekandamizwa kwa jiwe ili asitambae, na sisimizi wakimtembea kwenye kope.

"Mama," aliniambia, "ile baraza ya mbele ina kazi gani?"

"Ni ya wageni wa kiume."

"Wageni gani? Tangu msiba wa Baba wanaolala pale ni popo."

Alitaka kuwalea pale watoto wa wanawake wale, mama zao wakiwa kazini. Takhat Singh alipolisikia alikuja ameshikilia fimbo. Sugan alisimama nyuma ya mlango, uso umefunikwa, akasema nami kwa sauti ya kusikika uani kote.

"Mama, muulize Baba Mdogo, wakilala watoto pale mchana, baraza itapungua nini?"

"Shemeji," Takhat Singh akanijibu mimi, "mwambie mkamwana wako kwamba pale wamewahi kuketi mabwana wakubwa."

"Mama, mwambie hata hao mabwana waliwahi kukojoa kitandani."

Nilikohoa nisicheke. "Anasema atapafagia kila siku," nikamwambia shemeji, ambaye alikuwa amesikia kila neno.

Baraza ilifunguliwa baada ya sikukuu ya Holi. Kila mama alileta mahindi au dengu kadiri alivyoweza, na kila siku mmoja wao alibaki kwa zamu kumsaidia Sugan kupika na kuogesha. Mambo yalibadilika kuliko nilivyotarajia. Dhuli, aliyekuwa akifukuzwa kazini kwa kuchelewa, alianza kufika kabla ya wenzake, na hatimaye akafanywa mnyapara wa wanawake. Binti yake mkubwa, aliyekuwa akibaki nyumbani kumbeba Bhera, alirudi shule. Nilianza kuwaona wanawake waliozoea kupita wameinama wakisimama kisimani na kubishana na msimamizi wa barabara kuhusu saa za kazi.

Na watoto walikuwa watulivu. Wageni walistaajabu kukuta baraza imejaa watoto na hakuna kelele. "Ndivyo nyumba za watu wa heshima zilivyo," nilikuwa nikiwaambia. "Hata mtoto mchanga hujua alipo."

Sugan hakufurahia utulivu ule. "Mama, mtoto aliyeshiba hupanda, huvunja, humng'ata mwenzake. Hawa wanatazama ukuta."

"Wamefundishwa adabu."

"Na nani? Mimi sijawafundisha."

Siku moja ya joto kali Bhera hakuamka kula. Sugan aligonga sahani karibu na sikio lake. Akamnyunyizia maji usoni. Pumzi zilikuwa zinakuja moja moja, zimeachana. Akamnyakua, akatoka mbio hadi uani, Takhat Singh alipokuwa akiosha gari lake, akapanda kiti cha nyuma, nami nikamfuata. Hata wakati ule hakumsemesha. Alimwinamia mtoto aliyezimia akapiga kelele: "Bhera! Mwambie babu aendeshe! Mwambie babu asingoje viatu!"

Shemeji aliendesha peku mpaka zahanati. Muuguzi alifunua jicho la mtoto, akasema kwamba amepewa afyuni.

Jioni Bhera alilia, nasi tukashukuru. Tulipomrudisha, Jamku, bibi yake, alikuwa akitungoja uani. Akaanguka miguuni pangu.

"Ni mimi, Bibi. Kidonge kidogo tu, kama punje ya haradali. Leo labda kilizidi. Dhuli hajui."

"Kwa nini umlevye, na Sugan yupo wa kumwangalia?"

"Ndiyo sababu yenyewe, Bibi. Kule barabarani angelia, nani angejali? Lakini hii ni nyumba ya wakubwa. Tuliogopa watoto wakipiga kelele mtatufukuza. Sisi bibi zao, wengi wetu tunawapa, asubuhi kabla ya kuwaleta."

"Mnaitoa wapi?"

Jamku alimtazama Takhat Singh, kisha akatazama chini. Sikuhitaji kuuliza tena. Kwenye harusi na misiba yetu wanaume huwanywesha wageni maji ya afyuni kutoka kiganjani, na kuyakataa ni tusi. Mume wa Jamku hutuletea kuni, na shemeji alikuwa na mazoea ya kumpa kidonge, kwa wema tu.

Jamku alipoondoka, Takhat Singh alisema, "Shemeji, hili liishie hapa. Tufunge baraza, tuseme paa linavuja. Likitoka nje, jina la kaka yangu litaburutwa matopeni."

Nilikuwa naelekea kukubali. Jina lile ndilo nililoachiwa.

Sugan alikuwa amempakata Bhera, akimsubiri mama yake. Akamwinamia.

"Umesikia, baba? Paa linavuja. Kesho unarudi chini ya miiba, dada yako anaacha shule, na mama yako anaacha unyapara. Wenzako wataendelea kulambishwa, maana hakuna aliyewaambia bibi zao kwamba leo ulikuwa unatutoka. Lakini lala, mwanangu. Jina letu ni zima."

Mume wangu aliwafundisha baba za watoto wale kusoma. Sikuona jina lake lingekaa vipi na heshima nyuma ya uongo wa paa.

Asubuhi niliwaita akina mama na bibi zao, nikawaeleza nikiwa nimesimama: yaliyompata Bhera, waliokuwa wakiwapa watoto afyuni, na kwamba ilitoka nyumbani kwetu.

"Kumbe nyumba ya mawe nayo ina uchafu wake!" mmoja akasema, na wengine wakacheka kwa uchungu. Dhuli alimtazama Jamku, mama mkwe wake. Mmoja mmoja wakawabeba watoto wao wakaondoka. Takhat Singh alikwenda kukaa kwa binti yake, na mpaka leo hajala tena jikoni kwetu.

Siku iliyofuata Sugan alifagia baraza, akachemsha dengu kama kawaida. Jua lilipanda juu ya mwarobaini, hakuja mtu. Nilimwambia azime moto.

"Bado kidogo, Mama."

Kisha tukasikia kilio njiani. Dhuli alitokea amembeba Bhera, naye macho hayana usingizi hata chembe, akimvuta mama yake nywele na kunguruma. Jamku alifuata nyuma.

"Umemleta?" nikamuuliza.

"Nimpeleke wapi, Bibi? Mngesema ni homa, ningeamini. Mimi ningejua nini? Lakini mlisema kweli." Akampa Sugan mtoto. "Leo hajalambishwa. Nimemlinda bibi yake usiku kucha."

"Kama mwizi wa kuku!" Jamku akalalamika.

"Na nitakulinda tena." Dhuli akafunga vizuri kitambaa cha kichwa, tayari kwenda kazini. "Bibi, wenzangu wako pale konani na watoto. Wanaona haya. Wanataka kwanza waone kama mtanipokea."

Sugan alimpachika Bhera kiunoni, bado anapiga kelele, akatoka kwenda kuwaita.