Walidhani Filister Anaigiza

Walimpigia makofi.

Msichana anabebwa mzobemzobe na wanaume wanne, miguu inapiga hewa, na wanafunzi wenzake wako juu ya kilima wanapiga makofi.

Mmoja wao ndiye alishika kamera. Anaitwa Zadock. Siku hizi ni mzee, anaishi Awendo, ni mjomba wangu. Haya ameniruhusu niyaandike, bora nisiyapambe.

Basi sikieni.

Mwaka ni 1966. Zadock anasomea ualimu kwenye chuo kimoja hapo Homa Bay. Ametoka kwao upande wa Migori na sanduku la bati na suruali mbili. Sinema ameiona mara moja tu maishani, ile ya gari la serikali lililokuja sokoni kufundisha watu kuchimba vyoo.

Muhula huo chuo kikapata mwalimu mpya, Nyakundi, Mkisii, kijana bado. Alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, na alirudi na kamera ya sinema. Ya kukaza kwa ufunguo kama saa. Ukiiachia inanguruma vrrrr mpaka huwezi kumsikia mtu aliye kando yako.

Sauti haikuchukua. Picha tu.

Mwalimu Nyakundi akawaambia darasa kwamba mwalimu wa kesho atafundisha kwa picha. Kila kundi litunge mwanzo wa filamu, mwanzo peke yake, waipige, waikate, waiunganishe. Kila kundi mkanda mmoja, chini ya dakika tatu. Ukiharibu, umeharibu.

Kundi la Zadock lilikuwa la watu watatu.

Mellen, msichana wa Kikuria kutoka karibu na mpaka wa Tanzania, ndiye aliandika hadithi. Zadock akapewa kamera kwa sababu mkono wake hautetemeki. Na Filister ndiye mwigizaji, kwa sababu Filister hata akikuomba chumvi mezani lazima umwangalie.

Mjomba alikuwa anampenda? Hajawahi kusema. Lakini miaka yote hiyo, akilitaja hilo jina, anashusha kikombe kwanza.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Msichana anapanda kutoka ziwani na debe la maji kichwani. Anasimama. Anageuka, anaangalia kwao kwa mara ya mwisho, anatabasamu, kisha anashika njia kwenda kusomea unesi. Hapo ndipo majina ya waliotengeneza yangeingia.

Mwanzoni walipanga kupiga picha nyuma ya chuo. Filister ndiye aliyesema hapana, twendeni ufuoni chini ya boma letu, maji yako wazi na kilima kiko karibu. Akasisitiza iwe Jumamosi. Mwalimu akapenda wazo, wakaenda wote wanne.

Kulikuwa na upepo asubuhi hiyo. Mwalimu alitaka picha pana, ziwa lote lionekane, kwa hiyo Zadock na Mellen wakapanda kilimani na kamera. Mwalimu mwenyewe akabaki ng'ambo ya pili ya kilima, barabarani, kuzuia watoto wasije wakaingia kwenye picha. Filister akashuka na debe.

Mellen akapunga kitambaa cheupe. Zadock akaachia kamera.

Filister akapanda vizuri sana. Akasimama, akageuka. Akatabasamu.

Halafu wanaume wanne wakatoka kwenye ua wa mkonge.

Filister akaangusha debe. Akakimbia. Hakukimbilia nyumbani kwao, alikimbia kupanda kilima, moja kwa moja kuelekea kamera, mikono juu. Wakamshika katikati ya njia.

Zadock akadhani Mellen amebadilisha hadithi bila kumwambia. Mellen akadhani Mwalimu ameongeza watu ili filamu iwe na moto. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, maana kamera ilikuwa inanguruma, na mkanda ni mmoja, na huyu msichana alikuwa anaigiza kuliko mtu yeyote waliyewahi kumwona.

Zadock hakutikisika hata kidogo. Akawafuata na kamera taratibu, kushoto, mpaka wakapotea nyuma ya ua.

Mkanda ukaisha.

Mellen akaanza kupiga makofi. Zadock akaweka kamera chini, naye akapiga.

Wakangoja arudi.

Mwalimu Nyakundi akaja akitembea, akauliza kama wamemaliza. Mellen akamwambia wale wanaume wake wamefanya kazi safi. Mwalimu akamwangalia.

"Wanaume gani?"

Mjomba anasema hapo miguu yake ilijua kabla ya kichwa. Alishuka kilima mbio mpaka akaanguka. Chini akakuta debe na maji yamemwagika, na mama mmoja anafua nguo kwenye mawe, hana haraka.

Mama akamwambia wale ni watu wa James, wa upande wa Karungu. Mtumbwi ulikuwa unawangoja. Akaonyesha kwa kidevu. Mtumbwi wenyewe ulishaingia ndani ya ziwa, umekuwa kitu cha kuziba kwa kidole.

"Nyathina, mwanangu, usilie," akamwambia. "Ameenda kwake."

Walipanda bomani kwa baba yake Filister, Jaduong' Nashon, yaani Mzee Nashon. Aliwakaribisha vizuri, wakaletewa uji. Akamweleza Mwalimu kwa heshima kabisa kwamba mambo ya James yalianza zamani, ng'ombe wa mahari wako bomani, na msichana alikuwa anavuta siku kwa kisingizio cha masomo. Sasa yamekwisha. Akawashukuru kwa kumfundisha mtoto wake kusoma.

Mama yake Filister alikuwa amesimama mlangoni. Uji aliomkabidhi Mellen ulimwagika nusu kabla haujafika.

Wakaenda polisi. Polisi wakasema mlalamishi awe baba. Wakarudi chuoni, mkuu wa chuo akasema hayo ni mambo ya familia, chuo hakiingilii. Wakaenda kwa chifu. Chifu akauliza, nani ameona msichana akichukuliwa kwa nguvu?

Zadock akasema, kamera imeona.

Chifu alicheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema basi ikishasema, mniletee nisikie.

Kuanzia hapo Zadock hakuwa na kitu kingine kichwani. Mkanda ulitumwa Nairobi, na Nairobi wakautuma ng'ambo kusafishwa. Enzi hizo ndivyo ilivyokuwa. Wiki zikaenda. Kitanda cha Filister kwenye bweni kikapewa mtu mwingine. Zadock anakula, analala, anakwenda darasani, lakini kila siku anajiambia huo mkanda ukifika, hakuna binadamu atakayeangalia zile picha aseme msichana alikwenda kwa hiari yake.

Mkanda ukafika.

Kulikuwa na kimashine kidogo cha kutazamia, kioo chake kama kiganja, unazungusha mkono picha zinapita. Zadock akazungusha. Mellen ameinama begani kwake.

Debe. Kugeuka. Tabasamu. Wanaume.

Halafu Filister anapanda kilima akiwajia, mikono juu. Siku ile waliona mikono tu. Sasa waliuona mdomo. Zadock akazungusha polepole, picha moja moja, akarudisha, akazungusha tena.

Mellen hakujua Kijaluo, akamuuliza anasema nini.

"Ananiita," Zadock akasema. "Anasema, Zadock, bi. Zadock, njoo."

Anasema hivyo mara nyingi. Na picha haitikisiki. Mwalimu alikuwa amemsifu mbele ya darasa kwa mkono ule.

Mellen akatoka nje, akakaa kwenye ngazi.

Siku ya kuonyesha, Mwalimu aliziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi. Chifu akaja. Jaduong' Nashon akaja na wazee wa ukoo wake. Mkuu wa chuo akakaa mbele. Zadock alisimama ukutani, amefunga mikono, anangoja ukweli uwaangukie.

Projekta ikawaka.

Watu wakashangaa kuona ziwa lao ukutani. Mzee mmoja alitambua ng'ombe wake nyuma kabisa, akamwambia jirani. Filister alipotokea wakanong'ona jina lake. Wanaume wanne walipotoka kwenye mkonge, wazee wakaanza kuwataja mmoja mmoja, yule ni wa fulani, yule ni shemeji ya fulani. Walipombeba, kuna aliyesema ana nguvu huyu, atalima.

Wakacheka.

Mkanda ulipoisha wakaomba tena. Ukarudiwa. Kisha fundi wa projekta, akitaka kuwafurahisha wageni, akauendesha kinyumenyume.

Wanaume wakarudi kinyumenyume kutoka nyuma ya ua. Wakamweka Filister chini taratibu. Wakarudi nyuma kuelekea mkongeni. Filister akashuka kilima kwa mgongo, debe likaruka kutoka chini likatua kichwani, maji yote yakarudi ndani. Akatabasamu, akateremka mpaka ziwani.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Zadock naye alitaka hiyo sehemu isimame hapo, fundi asiguse kitu tena. Lakini ilipita. Fundi akawasha taa.

Chifu akainuka. Akasema ni picha nzuri sana. Kisha akamgeukia Zadock.

"Kijana, wewe ndiye ulikuwa na hiyo mashine?"

Zadock akasema ndiyo.

"Na huyu alikuwa na wewe?" Akaonyesha Mellen. "Mwalimu naye alikuwa barabarani?"

Ndiyo.

"Msichana anapiga kelele mbele yenu, na mmesimama. Hata mashine haijashtuka. Kama alikuwa anaibwa, nyinyi mlikuwa mnafanya nini?"

Zadock akamtafuta Mwalimu kwa macho.

"Kila bibi harusi hukimbia," chifu akasema. "Mama yangu alikimbia. Na wote mliokuwepo mlijua hivyo, ndiyo maana hamkushuka."

Basi. Kesi ikaishia hapo. Ule mkanda ambao Zadock aliungoja kama mvua ndio ulioifunga.

Kesho yake mkuu wa chuo alimwita Mwalimu Nyakundi. Mkaguzi kutoka wizarani alikuwa njiani, na hakutaka mkaguzi aone watu wanabebana. Kundi litamaliza kazi yake kama ilivyopangwa, hao wanaume waondolewe. Asiyemaliza hana alama, na asiye na alama si mwalimu. Nyakundi alipinga mpaka sauti ikamkauka. Alishindwa, na mwisho wa muhula akahamishwa.

Mellen alikataa kushika wembe wa kukatia mkanda.

Zadock akaushika yeye. Mkono ule ule usiotetemeka, siku hiyo ulitetemeka mpaka akakata pabaya, ikabidi aunganishe tena kwa gundi. Akakata pale Filister anapotabasamu, kabla mkonge haujatikisika. Akabandika majina yao. Kipande kilichobaki mkuu wa chuo alikichukua, na hakikuonekana tena.

Filamu ikawa ya kwanza darasani. Mkaguzi alisema imejaa matumaini.

Sasa mnadhani yameisha. Mjomba pia alidhani.

Miaka mitatu baadaye, Zadock ni mwalimu, amefika Homa Bay kuchukua chaki na vitabu. Nje ya zahanati, kwenye foleni ya chanjo, akamwona Filister. Ana mtoto mgongoni na mwingine anamshika sketi. Amekonda kidogo. Bado ukimwona lazima umwangalie.

Walisalimiana kama watu wa kanisa moja. Habari za nyumbani, habari za kazi. James hakuwa mtu mbaya, alisema, hampigi. Alilisema hilo kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Zadock akashindwa kuvumilia. Akamwambia hawakujua. Walidhani anaigiza. Kama wangejua, kama angalau wangejua—

"Mimi nilijua," Filister akasema.

Zadock hakuelewa.

Filister akamweleza, macho yake kwenye foleni. Mama yake alimnong'oneza mapema wiki ile kwamba baba atamwita nyumbani Jumamosi, na watu wa James watakuwepo. Wito wa baba haukataliwi. Akawaza, nitaenda, lakini sitaenda peke yangu. Nitaenda na mwalimu mzima, na wenzangu, na mashine inayoandika sura za watu. Wakiona hiyo wataogopa. Ndiyo sababu alibadilisha mahali. Ndiyo sababu alitaka Jumamosi.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia mngeogopa, mngekataa kuja."

Zadock alitaka kupinga, akaacha. Alijijua.

Muuguzi akaita. Filister akambeba yule mdogo vizuri, akavuta mkono wa mkubwa, akaingia ndani. Mjomba alisimama pale nje mpaka foleni ikaisha, kisha akaenda kuchukua chaki.

Mimi sina mahubiri marefu. Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni, na kila siku naona video za watu wanaolia, na chini watu wameandika anajua kuigiza huyu.

Mtu akipiga kelele, shuka kwanza. Ukikuta ni mchezo, mtacheka wote. Ukikuta si mchezo, angalau atakuwa hajaliita jina lako bure.